Kisima cha Nafasi

Somo: Mwanzo 26:12–33

Leo twataka kuzungumza juu ya maji, na zaidi juu ya watu wanaokutana penye maji.

Wengi wetu tumezoea kuona maji mengi. Aliye Kisumu hufungua dirisha akaliona ziwa. Aliye Lamu huenda sokoni kwa mashua. Lakini twende leo hadi Modogashe, mpakani mwa kaunti za Garissa na Isiolo, mahali barabara ya Garissa inapokutana na ile itokayo Isiolo kwenda Wajir. Wenyeji wa huko ni Wasomali na Waborana, wafugaji wa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Pamoja nao wapo walimu, wauguzi, askari na wafanyabiashara waliotoka sehemu nyingine za nchi, na baadhi yao ni ndugu zetu wa makanisa haya tunayosali.

Huko mto ni mchanga. Huitwa laga. Miezi mingi ya mwaka watu na mbuzi hupita katikati yake bila kulowa, kisha mvua ikinyesha mbali, maji huja kwa kishindo. Eneo lenyewe la Lagdera limepewa jina la laga ndefu namna hiyo. Mvua inapokatika, mama hutoka alfajiri na punda wake na mitungi, kwenda kwenye silanga lililochimbwa likusanye maji ya mvua, au kwenye kisima kirefu cha mashine. Huko Kaskazini kisima ni kitu kikubwa hata miji huitwa kwa jina lake. El Wak, kule Mandera, maana yake ni visima vya Mungu.

Na maji hayo ya chini yatoka wapi? Sehemu yake yatoka mbali sana. Mto Ewaso Ng'iro huanza katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, kwenye baridi na misitu. Hupita Laikipia, hupita Archers Post na Merti, kisha huishia katika kinamasi cha Lorian, si mbali na Modogashe. Chini ya nchi hiyo, kutoka upande wa Merti kupita Habaswein hadi Dadaab, Mungu ameweka akiba ya maji ardhini. Ndiyo akiba ambayo wakimbizi wa Dadaab wamekuwa wakinywa tangu kambi zilipofunguliwa mwaka 1991.

Ndugu msikilizaji, penye maji machache watu ni lazima wakutane. Hawawezi kuepukana. Mtu anaweza kumpita adui yake porini kwa mbali, lakini kisimani watasimama bega kwa bega, kila mmoja na wanyama wake wenye kiu. Ndiyo sababu wafugaji wamekuwa na desturi zao tangu zamani. Kwa Waborana yuko mzee aitwaye aba herega, mwenye kupanga zamu ya kunywesha. Yeye huamua mifugo ya nani itangulie leo na ya nani ingoje kesho. Ngamia aliyekaa siku nyingi bila maji aweza kunywa lita 100 kwa mara moja, basi mtu asiyefuata zamu aweza kumaliza maji ya watu wengi kwa saa moja.

Lakini desturi nazo huvunjwa. Damu imemwagika mara nyingi kwa ajili ya malisho na visima. Kwa hiyo mwaka 2001 wazee na viongozi wa jamii za wafugaji wa Kaskazini walikutana papo hapo Modogashe, wakafanya mapatano yanayojulikana mpaka leo kwa jina la mji huo. Walikubaliana kwamba anayetaka kuhamishia mifugo yake katika nchi ya wengine, kwanza aombe ruhusa kwa wazee wa huko. Walikubaliana pia juu ya fidia ya damu, ng'ombe 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Mwaka 2005 walikaa tena Garissa kuyaangalia upya. Sisi tunaosoma kwamba Mungu aliwaumba mume na mke kwa mfano wake hatuwezi kuikubali hesabu hiyo ya nusu. Hata hivyo, tuone jambo kubwa walilolifanya. Waliketi chini na watu waliowazika ndugu zao, wakasema, tutafute njia ya kunywa maji bila kuuana. Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa. Amani ya kisimani nayo haijioteshi yenyewe. Mapatano hayo hayakukomesha mapigano yote, lakini yaliwapa watu mahali pa kuanzia.

Sasa tufungue Mwanzo sura ya 26. Sura hii yaanza na njaa katika nchi, kama ile njaa tuliyoiona Kaskazini tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilipopita bila mvua ya kutosha na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa katika Kenya. Isaka alikuwa mgeni Gerari, tena mfugaji. Visima alivyochimba baba yake Ibrahimu vilikuwa vimefukiwa kwa udongo na Wafilisti kwa sababu ya wivu. Isaka akavifukua. Watumishi wake walipopata maji mapya bondeni, wachungaji wa Gerari wakadai ni yao. Isaka akakiita kisima kile Eseki, yaani ugomvi, akaondoka. Akachimba cha pili, wakakigombania nacho, akakiita Sitna, yaani uadui. Akaondoka tena. Akachimba cha tatu, na hicho hawakukigombania. Akakiita Rehobothi, yaani nafasi, kwa kuwa Bwana amewafanyia watu nafasi.

Je, Isaka alikuwa mwoga? Wengi husoma habari hii wakadhani ni somo la kuwaambia wanyonge wakubali kuonewa. Lakini tuangalie vizuri aya ya 16. Abimeleki mwenyewe alimwambia Isaka aondoke kwa sababu amekuwa na nguvu kuliko wao. Basi aliyeacha ugomvi si mnyonge. Ni yeye aliyekuwa na watumishi wengi, mifugo mingi na haki mkononi. Angeweza kupigana, na huenda angeshinda. Mwenye nguvu ndiye aliyetangulia kuachilia. Hapo ndipo Neno la leo linapotugusa, wapenzi.

Maana ni nani mwenye nguvu katika habari ya Ewaso Ng'iro? Si mama wa Modogashe mwenye punda na mitungi. Mwenye nguvu ni yule wa juu, aliye karibu na chemchemi, mwenye pampu na bomba. Na huko juu, Nyeri, Nanyuki, Timau na Nyahururu, makanisa yetu ni mengi na hujaa kila Jumapili. Tunalima kabichi, viazi na maua, na ni kazi halali. Lakini tukitega mabomba usiku bila kibali, tukalima hadi ukingoni mwa kijito, mto wapungua kwa kila mmoja anayeufuata. Kiangazi kikiwa kikali hukauka njiani kabla ya kuifikia Lorian. Wafilisti walifukia kisima kwa udongo. Sisi twaweza kufukia mto kwa bomba, na tusijione kuwa tumemkosea mtu, kwa sababu hatumwoni anayengoja maji kule chini.

Tangu Sheria ya Maji ya mwaka 2002, watu wa mto mmoja wanaweza kuunda chama cha watumiaji wa maji, wakae pamoja wagawane. Je, Mkristo mwenye shamba huko juu huhudhuria mikutano hiyo? Na akihudhuria, huenda kumtetea nani? Twafundisha watoto wetu swali la Kaini juu ya ndugu yake. Basi mto huu waliuliza swali hilo hilo kila siku ya kiangazi.

Na ninyi ndugu mnaoishi Modogashe, Garissa au Wajir, mlio wachache kati ya jirani Waislamu, neno hili ni lenu pia. Tuseme kanisa lina tangi la maji ya mvua, na mtoto wa jirani amekuja langoni na mtungi mtupu. Tutamwuliza kwanza kwamba ni wa dini gani? Bwana wetu alipochoka safarini aliketi kisimani, akaomba maji kwa mwanamke Msamaria, ambaye watu wake hawakuchangamana na Wayahudi. Hakuona haya kuwa mhitaji mbele ya jirani. Nasi tusione haya kumpa maji, wala kuyaomba kwake siku tangi letu litakapokauka.

Tumalizie na mwisho wa sura hiyo. Baada ya Rehobothi, Abimeleki alimfuata Isaka akitaka mapatano. Isaka hakumfukuza. Aliwaandalia karamu, wakala wakanywa, na asubuhi wakaapiana, wakaagana kwa amani. Na siku ile ile watumishi wa Isaka wakaja na habari kwamba wamepata maji katika kisima walichokuwa wakichimba. Biblia haisemi kwamba kiapo ndicho kilichotoa maji ardhini. Lakini yatuonyesha kwamba mtu aliyefanya amani asubuhi alikuwa na mahali pa kuyanywea maji yake jioni bila hofu.

Basi wiki hii, kila tunapofungua mfereji au kuteka mtungi, tujiulize swali moja: ni nani anayengoja baada yangu? Na kama sisi ndio wenye nguvu, tusingoje mwingine aanze.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba, wewe huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Twakushukuru kwa mito ya milimani na kwa maji uliyoyaficha chini ya nchi kavu. Utusamehe pale tulipochota kama kwamba tuko peke yetu. Uwakumbuke wafugaji na mifugo yao wakati wa kiangazi. Uwape wazee hekima ya kupatanisha, na wenye nguvu moyo wa kuachilia. Utufanyie nafasi sisi sote, kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.