Elimu ya watu wazima haikomei kwenye kusoma na kuandika



Mwaka 1964, alipokuwa akiutambulisha Mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu Julius Nyerere alieleza kwamba watu wazima ndio wa kuelimishwa kwanza, kwa kuwa elimu ya watoto huchukua miaka mingi kabla ya kuonekana katika maendeleo ya nchi. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baadaye wilaya sita zikapewa jukumu la kufuta ujinga ifikapo mwisho wa 1971, na mojawapo ilikuwa Masasi, katika Mkoa wa Mtwara. Matunda yake yanajulikana. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa wengi kuliko wanaojua. Kufikia 1986 walikuwa wamebaki kama mmoja katika kila kumi.

Sifa hiyo ni kubwa, ingawa baadaye kazi ililegea na ujinga ukarudi kupanda. Lakini kuna swali ambalo halikupata jibu la kutosha: mtu aliyekwisha kujua kusoma, asome nini? Iwapo jibu ni kanuni za kupulizia mikorosho na namna ya kujaza fomu ya mkopo, basi mtu mzima amefundishwa kutii maelezo. Hajafundishwa kuielewa nchi anayokaa.

Jibu pana zaidi lilipata kutolewa. Mwaka 1971, Taifa lilipotimiza miaka kumi ya Uhuru, kampeni ya redio iliyoitwa Wakati wa Furaha iliwakusanya watu wazima vikundi vikundi wajifunze historia ya nchi yao. Mwaka 1973 ikaja Mtu ni Afya, iliyovuta watu wapatao milioni mbili, na mwaka 1980 ikafuata Misitu ni Mali. Aidha, kuanzia 1975 vilianzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, na Mkoa wa Mtwara ukapata vya Mtawanya, Newala na Masasi. Mfano wake ulitoka Sweden, na asili yake ni Denmark, ambako chuo cha kwanza cha namna hiyo kilifunguliwa mwaka 1844 ili watoto wa wakulima wajue historia na lugha yao na waweze kusema mbele ya wakubwa. Huku kwetu useremala, uashi na ushonaji vilipewa nafasi ya mbele, na ni haki. Hata hivyo, nusu ya pili ya mfano ule haifai kusahauliwa.

Historia ndiyo ianze. Mtu wa Mikindani hupita kila siku mbele ya boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895. Mji huo ulikuwa bandari ya meno ya ndovu na ya watumwa walioletwa kutoka bara, na ndipo David Livingstone aliposhukia mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho. Mtwara nayo ina somo lake. Bandari yake ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea vilijengwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza 1947. Mradi ukaachwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Mwananchi anayeijua habari hiyo huuliza maswali ya maana kila mradi mkubwa unapofika: umepangwa na nani, utamnufaisha nani, na ukikwama nini kitabaki.

Maswali hayo si ya mchezo. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982. Mwezi Mei 2013 mji wa Mtwara ulikumbwa na ghasia zilizotokana na mzozo juu ya bomba la kuipeleka gesi hiyo Dar es Salaam, na watu wakapoteza maisha. Ghasia hazijengi kitu, na hakuna wa kuzisifu. Lakini ni dhahiri kwamba palipo na baraza la kuuliza na kujibiwa, uvumi haupati nafasi ya kutawala. Darasa la watu wazima ni baraza la namna hiyo, na huweza kufunguliwa kabla ya mzozo kuanza.

La pili ni viumbe na mazingira. Mwaka 2000 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650 hivi, na ndani yake mna vijiji vyenye watu. Mvuvi wa Msimbati akiambiwa tu kwamba mahali fulani hapavuliwi, ataona amenyang'anywa. Akifundishwa kwamba katika mizizi ya mikoko ndimo wanamokulia samaki wadogo na kamba, na kwamba baruti huvunja matumbawe ambayo hayarudi upesi, ataona anayelindwa ni yeye. Tena somo hili lina walimu pande zote mbili: mtaalamu ana hesabu zake, na mzee wa bahari anajua miamba, pepo na misimu ambayo kitabu hakijaiandika.

La tatu ni sanaa. Wamakonde wa kando zote mbili za Ruvuma wameupa ulimwengu uchongaji unaotambulikana mara moja popote uonekanapo. Mwaka 1984 kinyago chao kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kikaishia katika makumbusho ya Barbier-Mueller mjini Geneva, na hakikurudishwa hadi mwaka 2010. Mwizi aliijua thamani yake. Je, kijana wa Newala anayechonga kwa ajili ya watalii ameelezwa thamani hiyo? Ameelezwa kwamba mpingo huchukua miongo mingi kukomaa, na kwamba asiyeupanda leo anamwachia mjukuu wake patasi isiyo na kazi?

Wapo watakaosema kwamba mvuvi na mkulima wa korosho hana nafasi ya mambo hayo, kwani tumbo kwanza. Ukweli ni kwamba tumbo lenyewe linategemea bahari, msitu na ardhi, na asiyejua alichonacho hukitoa kwa bei ya anayekijua. Wakati nao haukosekani ukitafutwa kwa busara. Msimu wa korosho una mwisho wake. Siku za bamvua kina mama wako mwambani wakiokota. Siku za maji mafu wanaweza kuwa darasani. Majengo ya shule hubaki wazi jioni.

Ndugu Walimu, Ndugu Watumishi, kazi hii haihitaji kungoja waraka. Inahitaji mwalimu atakayekubali mara moja kwa juma kukaa kwenye dawati ili mzee wa kijiji asimame mbele, na mtumishi wa hifadhi, wa misitu au wa utamaduni atakayekwenda kijijini bila amri mkononi, bali na somo. Wazee wanaoyakumbuka mambo ya pwani hii wanapungua kila mwaka. Darasa lisilofunguliwa sasa litakuja kukosa walimu.