Maswali Yenu Kuhusu Haki za Raia



Haya ni maneno tuliyowaambia wahitimu wa kisomo walipokusanyika darasani jioni, baada ya kazi za shamba. Wengi waliomba yaandikwe ili wayasome nyumbani polepole. Tumeyaandika kama tulivyoyasema. Tumeacha vicheko tu.

Mzee mmoja ndiye aliyeanza. Alisimama, akavua kofia, akasema: "Mwalimu, mimi sasa najua kusoma. Juzi mgambo wamekuja kwangu alfajiri, wamechukua mbuzi wangu. Wanasema sikwenda kuchimba mtaro wa shule. Je, hiyo Katiba mnayotusomea inamjua mbuzi wangu?"

Darasa zima lilicheka. Yeye hakucheka.

Mzee wetu, Katiba inamjua mbuzi wako. Tuanze naye.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ni ya mwaka 1977. Sheria zote nyingine ziko chini yake. Lakini ilipotungwa haikuwa na orodha ya haki ambazo mtu angeweza kuzidai mahakamani. Orodha hiyo iliingizwa mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuitumia mwezi Machi, 1988. Ukikipata kitabu cha Katiba, fungua ibara ya 12, uendelee mpaka ya 29. Ibara ni fungu la sheria lenye namba yake. Humo mna haki zetu, na mna wajibu wetu pia.

Ibara ya 24 inalinda mali ya mtu. Mbuzi ni mali. Ibara ya 25 inakataza kumfanyisha mtu kazi kwa shuruti. Lakini ngojeni, msishangilie bado! Ibara hiyohiyo inasema kwamba kazi za kuokoa jamii wakati wa hatari, na kazi za kujenga taifa zilizopangwa kwa sheria, hazihesabiwi kuwa shuruti. Mtaro wa shule ni wenu, na wanaosoma pale ni watoto wenu. Asiyekwenda bila sababu amewatwisha wenzake mzigo wake. Tulimwambia mzee hivyo hivyo mbele ya watu, naye alikubali.

Ila kukosa kazi ni jambo moja, na kuchukuliwa mbuzi ni jambo jingine. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo. Wanakijiji huijadili katika mkutano mkuu, halmashauri ya kijiji huipitisha, na halmashauri ya wilaya huiidhinisha. Ikikosa idhini ya wilaya, hayo ni maazimio ya mkutano tu, si sheria. Basi mzee aende ofisini kwa adabu, aulize: Sheria ndogo iko wapi, niisome? Wilaya imeiidhinisha lini? Nani alinisikiliza kabla ya kunitoza? Stakabadhi ya mbuzi wangu iko wapi? Ikiwa hakuna karatasi hata moja, mbuzi hakuchukuliwa kwa sheria.

Kijana mmoja akauliza: "Na mgambo akinikamata mimi mwenyewe?"

Mgambo aliye kazini aweza kumkamata mhalifu. Usipigane naye. Lakini ibara ya 15 inasema mtu hakamatwi wala hafungiwi ila kwa utaratibu wa sheria. Na utaratibu ndio huu: uambiwe kosa lako, upelekwe polisi bila kucheleweshwa. Kukufungia siku mbili katika stoo ya kijiji si utaratibu. Kukuchapa ili ukiri ni kosa kubwa zaidi, maana ibara ya 13 inakataza kumtesa mtu, na inasema mshitakiwa asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa ametenda kosa.

Polisi nao wana saa zao. Ukikamatwa bila hati kwa kosa ambalo adhabu yake si kifo, wakuchunguze, na ikiwa hutaweza kufikishwa mahakamani katika saa 24, wakupe dhamana, isipokuwa kosa likiwa zito. Yapo makosa yasiyo na dhamana, kama kuua kwa kukusudia na uhaini. Kwa hayo mengine, dhamana haiuzwi. Mkuu wa wilaya naye amepewa uwezo na Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 kuamuru mtu awekwe ndani, lakini si zaidi ya saa 48, na sababu ziandikwe. Uwezo huo hakupewa mwenyekiti wa kijiji, wala kamanda wa mgambo.

Sasa tufike kwenye swali lililotugusa sana. Mama mmoja aliyekaa nyuma alisema kwa sauti ndogo kwamba baba yake alimwachia shamba la kahawa, na kaka zake wanamwambia mwanamke hana ardhi katika ukoo. "Katiba ni ya wanaume, siyo?"

Tulinyamaza kidogo. Miaka michache nyuma, mama mwingine alituuliza swali kama hilo. Sisi, tuliosoma chuo cha ualimu na kuziandika ibara hizi kwenye mitihani, tulimjibu: "Yamalizeni nyumbani na wazee." Wazee waliyamaliza. Mama yule leo analima vibarua katika shamba alilozaliwa. Tulikosea, wala hatutaki kukosea mara ya pili.

Kwa hiyo tulisimulia kisa cha Muleba, mkoani Kagera. Kule, kwa mila za Kihaya zilizoandikwa na serikali mwaka 1963, mwanamke aliweza kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini hakuweza kuiuza. Mwanamume aliweza. Mwezi Agosti, 1988, mama mmoja mzee, asiye na wa kumtunza, aliuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Bei ilikuwa shilingi 300,000, na mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo. Hesabuni: haki zilikuwa zimeanza kudaiwa mahakamani miezi mitano tu nyuma.

Mpwa wake akamshitaki. Katika mahakama ya mwanzo mama akashindwa. Akakata rufani mahakama ya wilaya, akashinda. Mpwa naye akapanda Mahakama Kuu, Mwanza. Mwezi Februari, 1990, Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mila ile inambagua mwanamke, na Katiba inakataza ubaguzi. Tangu hapo mwanamke wa Kihaya ana haki ya kurithi na kuuza sawa na mwanamume. Wanasheria wanaiita kesi ya Ephrahim na Pastory. Hukumu iliandikwa kwa Kiingereza, na labda ndiyo sababu akina mama wengi walikaa miaka bila kuijua. Tangu mwaka 2021 sheria imefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Angalieni jambo hili: mama yule alishindwa kwanza. Kama angerudi nyumbani kulia, kisa kingeishia pale. Rufani kutoka mahakama ya mwanzo ina siku 30, basi zihesabuni. Na hata kabla ya mahakama, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Kijiji kinatakiwa kuwa na baraza la ardhi la watu saba, watatu kati yao wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Asiye na fedha za wakili atafute msaidizi wa kisheria, maana Sheria ya mwaka 2017 inamruhusu kupata msaada bure. Barua ya ombi tutaiandika pamoja na mama, kwa mkono wake.

Swali la mwisho lilitoka mlangoni: "Nikiuliza mkutanoni fedha za kijiji zimekwenda wapi, sitafungwa?"

Kuuliza si kosa. Ibara ya 18 inakupa uhuru wa kutoa maoni, na mkutano mkuu, unaotakiwa kukaa kila miezi mitatu, ndio mahali pake. Ila usimwite mtu mwizi huna ushahidi, kwani naye ana heshima yake inayolindwa. Omba usomewe mapato na matumizi, uandike tarakimu daftarini.

Jumatano ijayo tutaisoma ibara ya 24 neno kwa neno. Njooni na kalamu. Mwenye stakabadhi yo yote ya faini, hata ya zamani, aje nayo. Na mzee wetu atatueleza alijibiwa nini ofisini.