Mu kopo ya ambi muko nini? Maneno yetu kwa vijana wa Goma



Hatukuja kucheka mwanamuke anayejipakaa ambi. Wengi walishacheka, na soko bado inajaa. Tena wanaocheka muchana ni wale wale wanaotafuta bibi mweupe magaribi. Na matangazo ya kazi yakiomba "sura ya kupendeza", sisi wenye diplome bila kazi tunajua ni rangi gani inatafutwa. Tuache dada, tuangalie kopo.

Krem nyingi za kung'arisha ziko na hidrokinoni. Inazuia ngozi kutengeneza rangi yake. Ukiipakaa muda murefu, inaweza kugeuka: mashavu yanakuwa meusi ya bluu, na ile alama kuitosha ni shida kubwa. Afrika Kusini iliikataza 1990, Umoja wa Ulaya 2001.

Zingine ziko na zebaki, ile merkire ya wachimba zahabu. Inaharibu mafigo na mishipa ya fahamu. Inapanda pia hewani kutoka kwa ngozi na taulo, kwa hiyo mutoto anayelala kifuani mwa mama anaivuta, hata kama hakupakwa kitu. Kwa Mapatano ya Minamata, nchi zilikubaliana kwamba kisha 2020 krem yenye zebaki kupita miligramu 1 kwa kilo isitengenezwe wala isivuke mupaka. Lakini inavuka. Soma kopo: ukiona herufi Hg, ao neno "calomel", ao wanakukataza kugusisha krem na pete ya zahabu ao ya feza, uiache dukani.

Kinachotusumbua zaidi ni zile tibu ndogo za klobetasoli. Ile ni dawa ya magonjwa ya ngozi. Muganga anaiandika kidogo, kwa siku za kuhesabu. Hapa wanaimwanga mu ndoo pamoja na losyo, wanauza melanje bila jina, unapakaa mwili muzima kila siku. Ngozi inakuwa nyembamba sawa karatasi, kidonda kinakawia kupona. Fikirieni mama anayepasuliwa kwa kuzaa: daktari anashona ngozi isiyoshika uzi. Tansio na sukari pia vinaweza kupanda. Na kama umeitumia miaka, usiikate siku moja tu, juu mwili ulishaizoea. Ona muganga kwanza, akupunguzie polepole.

Hapo ng'ambo, Rwanda, mwisho wa 2018 polisi iliingia mu maduka kukamata hizi krem. Kwetu hatutaki waanze na mama mwenye sahani kichwani. Yeye hakuandika karatasi ya kopo, hakupitisha kontena. Tunaomba waanze na madepo na wenye kuagiza. OCC, kazi yake ni kuhakiki bidhaa: ipime hizi krem, na majina ya zile zenye sumu yabandikwe sokoni, kwa Kiswahili. Farmasi isiuze klobetasoli bila karatasi ya muganga.

Makopo na tibu zilizoisha musizitupe. Muzilete kwenye mukutano ujao. Tutaandika majina yote na kile kilichoandikwa juu yake, tuambatanishe liste na barua yetu. Na muchukue picha ya melanje mahali inauzwa, lakini sura ya muuzaji isionekane.