Sauti Kwanza, Picha Baadaye: Kumtambua Bundi wa Sokoke

Mada kwa semina ya waongoza wageni na wapiga picha wa ndege, Pwani ya Kenya

Fasili nitazipitia upesi kwa kuwa nyote mnazijua. Bundi ni ndege awindaye, wengi wao usiku, mwenye macho yanayotazama mbele na manyoya laini yanayomruhusu kuruka kimya. Kumtambua ndege ni kutaja aina yake kwa ushahidi ambao mtu mwingine anaweza kuukagua. Picha ni mojawapo ya ushahidi huo. Hapo kwenye “mojawapo” ndipo penye tatizo letu, maana kwa bundi wadogo wa misitu ya Pwani tumezoea kuichukua picha kuwa ushahidi wote.

Mfano wa karibu ni bundi wa Sokoke, Otus ireneae, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1966. Anapatikana katika msitu wa Arabuko-Sokoke, Pwani ya Kenya, hasa kwenye vichaka vya Cynometra juu ya udongo mwekundu, na katika misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania. Yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Urefu wake ni sentimita 16 hadi 18 tu, na aina hiyo moja ina rangi tatu: kijivu, kahawia na wekundu wa kutu. Upande wa Arabuko-Sokoke wenye miti ya mrihi anaweza kuwapo Otus senegalensis, mwenye kimo kinachokaribiana sana na chake, macho ya manjano na mashungi kichwani. Bundi wa Sokoke mwekundu hatatusumbua sana. Wa kijivu, akipigwa picha usiku kwa mwanga mkali wa flashi, hupauka, michirizi ya kifuani hufifia, na mashungi yakilazwa hayaonekani kabisa. Picha hiyo ikikuzwa ofisini, watu wawili wenye ujuzi wanaweza kubishana juu yake hadi jioni. Sauti haina ubishi huo: Otus senegalensis hutoa mlio mmoja mfupi wa kutetema, akanyamaza sekunde kadhaa, akarudia, ilhali wa Sokoke hutoa mfululizo wa milio mifupi inayofuatana haraka. Simu ya kawaida inatosha kuirekodi. (Kisiwani Pemba mambo ni mepesi, kwa kuwa bundi mdogo wa jamii hii aishiye huko ni mmoja tu, Otus pembaensis.)

Kwa nini basi tunaendelea kuing’ang’ania picha? Kwa sababu mgeni anaitaka, na hapa ndipo madhara yanapoingia. Sauti iliyorekodiwa huchezeshwa tena na tena ili dume atoke. Naye hutoka akiamini kuna mgeni katika himaya yake, akiacha kuwinda. Mchana matawi hukunjwa ili lenzi ipate njia hadi pale alipojificha. Bundi aliyefurushwa mchana huzongwa na ndege wadogo, na kelele zao huwaonyesha wengine alipo. Sisemi kwamba kila picha inaua. Ninachosema ni kwamba gharama hii hulipwa kwa ushahidi ulio dhaifu kuliko ule wa kusikiliza bure ukiwa njiani.

Wapo watakaosema kwamba mwongoza wageni anakula kwa kuonyesha, si kwa kusikilizisha. Hoja hiyo ina uzito, na familia nyingi zinazouzunguka msitu zinaijua. Lakini bundi hupenda kurudi kwenye kichaka kile kile siku baada ya siku. Akihamishwa leo, mgeni wa kesho hana cha kuonyeshwa. Wengine watasema programu za simu sasa hutambua picha zenyewe. Nazo hutegemea kilichomo ndani ya picha. Kama flashi imefuta michirizi, programu nayo haina cha kusoma.

Kwa hiyo napendekeza, kwa kuheshimu kanuni za mamlaka zinazosimamia misitu, kwamba rekodi ya bundi mdogo inayopelekwa Kenya Bird Map, mradi wa kukusanya rekodi za ndege wa Kenya, iambatane na sauti, na picha iwe nyongeza. Kwamba fomu za matembezi ya usiku ziwe na nafasi ya kuandika saa, aina ya miti na mlio uliosikika. Kwamba kuchezesha sauti kusitishwe kabisa wakati wa kuzaliana, na nje ya wakati huo kuwe na kikomo kinachojulikana kwa wote. Kwamba anayepiga picha usiku atumie mwanga hafifu, akae mbali, apige chache na aondoke. Kwamba tawi lisikunjwe wala kukatwa kwa sababu ya lenzi. Kwamba mafunzo ya waongozaji wapya yaanze na masikio kabla ya kamera. Na kwamba picha isiyo na sauti iandikwe “bundi mdogo, aina haijathibitishwa” bila aibu yoyote. Mwisho, taarifa za mahali zinazohifadhiwa ndani ya faili la picha zifutwe kabla haijasambazwa. Bado wapo miongoni mwetu wanaoamini kwamba bundi huleta msiba au hutumwa na mchawi, na picha yenye ramani humfikia yeyote mwenye simu, akiwemo mwenye jiwe mkononi.