Jina la Müller

Leo tutasoma jina moja la Kijerumani: Müller. Maana yake ni mwenye kinu cha kusagia nafaka.

Zamani Mjerumani alikuwa na jina moja tu. Watu walipozidi mijini, akina Hans wakawa wengi, ikabidi kuwapambanua. Huyu akaitwa Hans mhunzi, yule Hans wa kinu. Baadaye watoto wakarithi jina hilo, hata wale wasiosaga unga.

Vinu vya maji na vya upepo vilikuwa vingi vijijini. Ndiyo sababu Müller ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote Ujerumani. La pili ni Schmidt, yaani mhunzi.

Wengi waliohamia Marekani waliandikwa Miller. Basi ndugu wa ukoo mmoja wakawa na majina mawili.

Nanyi, tazameni vyeti vyenu. Je, jina lenu limeandikwa kwa herufi zile zile katika kila cheti? Herufi moja ikipotea, mtoto aweza kutaabika kudai urithi wake.

Sasa shikeni kalamu, mwandike majina yenu. Kwaherini.