Matabibu Waliohesabu Nyumba Zetu



Tumepewa kunena habari ya maradhi katika sikukuu hii ya furaha, wala hatukuona vema kukataa. Kwa maana sisi tuliopita miaka arobaini ndio watoto wa nyumba zile. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa hapa Kagera. Watu wakauita Juliana, jina la nguo zilizoletwa na wachuuzi kutoka Uganda. Wengine wakasema ni uchawi. Tukazika, tukanong'ona, tukarudi kibanjani.

Hata mwaka 1987 akaja Daktari Japhet Killewo, mwalimu wa matabibu pale Muhimbili, pamoja na wenzake. Hawakuwangoja wagonjwa hospitalini. Waliteua nyumba mjini na vijijini, wakawahoji watu wa miaka 15 hadi 54, wakawapima damu. Mjini Bukoba watu 24 katika kila 100 walikuwa na virusi. Bukoba vijijini na Muleba, 10. Lakini Ngara na Biharamulo hakufika hata mmoja. Basi, kama ni uchawi, mbona ulipenda mji kuliko shamba?

Lakini sisi makatekista tulikawia kuliko hesabu. Miaka mingi baadaye, tulipoanza kazi hii, tulisimama makaburini tukisema, “Aliugua kwa muda mrefu,” na kila aliyesikia alijua.

Daktari Gideon Kwesigabo, naye wa Muhimbili, aliendeleza kazi ile. Mjini Bukoba wale 24 wakawa 18 mwaka 1993, kisha 13 mwaka 1996. Muleba wale 10 wakawa 7 mwaka 1996, na 4 mwaka 1999. Mtu aweza kusema wamepungua kwa kuwa wamekufa, na neno hilo lina kweli ndani yake. Kwa hiyo matabibu walihesabu pia walioambukizwa upya, nao wakaonekana kupungua, tena kabla dawa za bure hazijaanza kutolewa nchini mwaka 2004. Watu walikuwa wamegeuza mwenendo wao.

Katika hesabu zile hamna jina la mtu. Majina tunayo sisi tuliolelewa na bibi zetu. Leo baada ya Misa tutayasoma, kwa idhini ya jamaa zao, na safari hii tutaitaja ndwele iliyowaua.