KARO YA UDAKTARI WA BIASHARA
Maneno ya Mwenyekiti katika sherehe ya miaka kumi ya kikundi



Ripoti ya fedha katibu ameshaisoma, mimi siirudii. Nimeombwa niseme juu ya ule mkopo wa masomo uliotugawanya mwaka 2021. Wengi wenu mliingia kikundi baadaye, na habari zake mnazipata nusu nusu kwenye foleni ya maji. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba tu, kwa hivyo nitasema kama nilivyoelezwa na kama nilivyoona kwa macho. Nikichanganya, hawa watoto wa chuo watanisahihisha wakati wa chai.

Mwenzetu mmoja, ambaye tuko naye tangu tuanze mwaka 2015, ana binti aliyekuwa akifundisha uhasibu. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo kwamba mhadhiri wa chuo kikuu awe na shahada ya udaktari. Binti akaona asipoipata atabaki palepale mpaka uzeeni. Wako waliouliza daktari wa biashara atatibu duka gani! Huyu hana sindano, jamani. Ni mtu aliyesoma mpaka mwisho, akafanya utafiti wake mwenyewe juu ya mambo kama mikopo, masoko au hesabu za kampuni. Na si jambo la jana. Chuo Kikuu cha Chicago kilianza kufundisha udaktari huo mwaka 1920, na mwaka 1929 mwanamke aitwaye Ursula Batchelder Stone akaupata pale. Basi binti yetu hakuwa anaota ndoto za ajabu.

Akatokea wakala mmoja wa kupeleka watu ng'ambo. Barua ikaja kwamba binti amekubaliwa. Karo ya miaka mitatu ni shilingi milioni tatu na nusu, na milioni moja ilipwe kabla ya mwezi kwisha, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Mama akaja mkutanoni na hati ya shamba mkononi. Alitaka kikundi kimpe laki tano, tumdhamini benki kwa zilizobaki, halafu tuitishe harambee. Mfuko wetu wote wakati ule ulikuwa laki tisa.

Akina mama, ile siku ilikuwa nzito. Kuna waliosema toa, mtoto wa mwenzetu ni wetu. Kuna waliosema shamba likienda huyu mama atalala wapi? Na kweli harambee imesomesha watu wengi nchi hii, hakuna anayeweza kuidharau. Mimi nilikataa kuitisha kura. Nilisema binti mwenyewe aje, maana mama alikuwa anaeleza kwa machozi na mimi nilikuwa nataka hesabu. Mwenzetu alikasirika sana, akakaa miezi mitatu bila kukanyaga kikundini. Mchango wake alikuwa anatuma na mtoto wa jirani.

Binti alikwenda akamuuliza mwalimu aliyemfundisha zamani chuo kikuu. Alirudi na habari ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuisikia, na hii ndiyo nataka muishike. Kuna udaktari wa biashara wa namna mbili. Mmoja ni wa mameneja walio kazini, wanasoma huku wakifanya kazi zao, na mwenye kusoma ndiye hulipa, au kampuni yake. Kwa meneja mwenye mshahara mkubwa huo haumdhuru, wala sisemi ni wizi. Wa pili ni wa mtu anayetaka kuwa mwalimu wa chuo kikuu na mtafiti, na anasoma mchana kutwa miaka minne, mitano. Huo wa pili, katika vyuo vikubwa, chuo ndicho kinamlipa mwanafunzi! Harvard Business School ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1908, humlipia mwanafunzi wake wa udaktari karo na bima ya afya, na humpa posho ya kuishi. Chicago ni hivyo, na London Business School kule Uingereza ni hivyo. Na vyuo vingi vya serikali huko Marekani ni hivyo pia, ingawa posho ni ndogo zaidi.

Mimi niliuliza swali la mama wa sokoni: anayekupa bure anapata nini? Binti akajibu vizuri. Mwanafunzi wa udaktari ni mfanyakazi. Anamsaidia profesa utafiti, anasahihisha mitihani, anafundisha madarasa. Akimaliza akapata kazi chuo kingine, jina la kule alikosomea linakua. Pesa za kumlipa hutoka kwa wafadhili na kwa wale wanaosomea shahada ya uzamili ya biashara, ambao hulipishwa karo kubwa kweli kweli. Ndiyo maana nafasi ni chache mno, idara moja huchukua watu wawili, watatu kwa mwaka. Mlango ni mwembamba, lakini hauuzwi.

Kwa hivyo barua ile ya wakala tukaiweka kando. Binti akakaa mwaka mzima akijiandaa kwa mtihani wa kuingilia, akaomba vyuo saba mwishoni mwa 2022. Vitano vilimkataa. Kimoja kilimwambia angoje. Kimoja kikasema njoo, karo tumelipa na posho tutakupa. Mama yake alinipigia simu saa nne usiku, nikadhani kuna msiba.

Sasa msifikiri kwamba hapo gharama ziliisha. Hapa ndipo kikundi kilipoingia. Kila chuo kinataka ada ya kuomba, nyingi ni karibu dola mia moja, ingawa vingine husamehe ukiandika barua ya kuomba kusamehewa. Mtihani una ada yake. Kisha dola 350 za kusajiliwa kama mwanafunzi wa kigeni, na viza, ambayo mwezi wa sita 2023 ilikuwa imetoka tu kupanda kutoka dola 160 hadi 185. Halafu tiketi ya ndege. Na jambo ambalo halikuwa kwenye barua yoyote: alifika mwezi wa nane, na posho ya kwanza ikalipwa mwisho wa mwezi wa tisa. Mwenye nyumba hangoji. Anataka kodi na amana siku unayoingia. Mtu anaweza kuwa na ufadhili wa miaka mitano na akose godoro la wiki ya kwanza.

Kikundi kilimkopesha mama shilingi laki mbili na elfu arobaini, kwa dhamana ya hisa zake na wadhamini wawili, kama mkopo mwingine wowote. Hati ya shamba ilirudi sandukuni. Binti alianza kutuma mwezi wa kumi na mbili, kidogo kidogo, kwa sababu posho yenyewe hukatwa kodi, na kwa sheria ya viza yake hawezi kutafuta kibarua nje ya chuo vivi hivi. Mwishoni mwa 2024 tulifunga ukurasa wake kwenye kitabu. Saa hii yuko mwaka wa tatu.

Lakini niseme na upande wa pili, maana wengine wananiambia nisiharibu sherehe. Kijana wa mwenzetu mwingine tulimkopesha ada za maombi mwaka jana. Aliomba vyuo sita, vyote vikamkataa. Mama yake bado analipa, kila Jumamosi, bila kelele. Nampa heshima zake hapa mbele yenu. Yule mama wa kwanza naye, mtoto hajaonekana nyumbani tangu aondoke, na duka alilokuwa akimsaidia kuandika hesabu linayumba.

Ndiyo maana kamati inaleta pendekezo. Mkopo wa masomo ya juu usizidi mara tatu ya hisa za mama. Ada za maombi zitolewe kwanza, na pesa za safari zitolewe tu barua ya ufadhili ikishaonekana na katibu akaisoma mbele ya mkutano. Anayekataliwa apewe miezi sita zaidi ya kulipa, bila faini. Anayetaka kulipa karo yenyewe ya udaktari aitafute kwingine: bodi ya mikopo ya HELB iliyoundwa mwaka 1995 ina mkopo wa masomo ya uzamili na udaktari, na anayefundisha chuoni amuulize mwajiri wake kwanza.

Fomu ziko kwa mweka hazina. Kura ni Jumamosi ijayo, na mwenye kupinga aje apinge mkutanoni, si njiani. Chakula kiko tayari.